Nyasi Zinazopenda Baridi

Lori liliposimama mbele ya kibanda chake huko Kariobangi, asubuhi moja ya Januari, Teresiah alipanda juu, akafunua turubai, akakuta nyasi nyeusi. Zilikuwa nyeusi ti, kana kwamba mtu amezipitisha motoni. Alishika jani moja likamvunjikia vidoleni.

"Ni sakitu, Mama," dereva alimwambia kutoka chini. "Kule Njabini barafu imelala mashambani alfajiri tatu mfululizo. Ndugu yako amesema uziuze hivyo hivyo."

"Nimuuzie nani? Mchoma makaa?"

Teresiah alikuwa muuza nyasi. Nyuma ya magorofa ya Kariobangi, katikati ya karakana za mafundi wa jua kali, kuna ng'ombe na mbuzi wengi kuliko mgeni anavyoweza kudhani, na hakuna mahali pa kuwalisha. Nyasi zake zilitoka shamba la familia yao Njabini, juu kabisa Kinangop, ambako kaka yake Munene alikata nepia, zile nyasi ndefu za kulishia mifugo, na kujaza lori mara mbili kwa wiki. Kazi ilikwenda vizuri hadi baridi ilipoingia. Januari sakitu iliiunguza nepia. Julai, jua likijificha wiki nzima, nepia ilisimama tu pale pale, haifi wala haikui. Miezi hiyo wateja walienda sokoni kuokota majani ya kabeji, naye Teresiah akakaa kibandani kufuma sweta.

Asubuhi hiyo wateja watatu walikuwa wamekwisha kufika. Wa kwanza alikuwa Yahye, mwenye mbuzi kumi na mmoja. Wa pili alikuwa Kanyiva, mwanamke wa maneno machache, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa alioishi nao ua mmoja. Wa tatu alikuwa Bwana Kyule. Huyu alikuja kila siku ya Mungu, akanunua mzigo mmoja mzima wa nyasi, akauweka begani na kuondoka nao. Alikuwa na sungura wawili.

Yahye aliziangalia zile nyasi nyeusi akatikisa kichwa. Kanyiva aligeuka akaenda zake sokoni. Ni Kyule aliyebaki, mikono nyuma, akilitazama lori kama mtu anayetazama mgonjwa aliyemfahamu zamani.

"Nepia ni mtoto wa joto," alisema. "Mnamwonea tu, Mama Jacky."

Jacky alikuwa binti yake Teresiah, aliyeolewa Thika. Jina la Teresiah lenyewe halikuwa limetamkwa Kariobangi tangu mumewe afariki, miaka tisa iliyopita.

"Sasa watu wa baridi wapande nini, Bwana Kyule?"

"Kuna nyasi za msimu mmoja. Unapanda, unakata, mwaka ukiisha nazo zimeisha, unapanda tena. Ziko zinazopenda baridi kama bata anavyopenda tope." Alikohoa kidogo. "Nimeendesha gari la wataalamu wa malisho miaka thelathini na mmoja. Wao walipokuwa wakipima na kuandika, mimi nilikuwa nimesimama kando ya shamba nikiwangoja. Nimesikia yote."

"Yote! Na mbona hujawahi kusema hata neno?"

"Hakuna aliyewahi kumuuliza dereva."

Teresiah, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mwenye goti bovu, aliruka kutoka lorini akatua mbele yake kwa kishindo.

"Mimi nakuuliza dereva," alisema.

Kyule alicheka. Alikuwa mtu mrefu mwembamba, Mkamba wa Mwala, aliyefiwa na mkewe miaka saba iliyopita, ambaye tangu astaafu alikuwa akichonga miko na vigoda katika karakana ndogo nyuma ya soko. Watu walimjua kama mtu mpole. Kicheko kile kilimshangaza hata yeye mwenyewe, kikamtoka kwa sauti kubwa hivi kwamba fundi wa mabati ng'ambo ya barabara aliacha kugonga.

Mwezi wa tatu ukiisha, mvua zikikaribia, walipanda kwenda Njabini. Kyule alikuwa amemwendea mmoja wa wataalamu aliowaendesha zamani, akapewa vifurushi vinne vya mbegu. Njia nzima alivishika mapajani kama mayai. Kulikuwa na oti, jamaa ya shayiri. Kulikuwa na raigrasi, yenye mbegu ndogo nyepesi ambazo mtu akipiga chafya zinatawanyika. Kulikuwa na tefi, ile nafaka ya Waethiopia, ambayo mbegu zake hazizidi mchanga. Na kulikuwa na mawele madogo, ambayo mtaalamu alisema hana uhakika nayo, lakini jaribuni tu.

Munene aliwapokea getini na buti zake za mpira. Alimtazama Kyule kutoka kofia hadi viatu, kisha akamgeukia dada yake.

"Dadangu, kwenye simu ulisema unaleta mbegu."

"Si hizi hapa?"

"Naziona. Karibu, shemeji."

Kyule alishtuka, kifurushi cha raigrasi kikamponyoka na kuangukia matopeni. Teresiah alikiokota, akakipangusa kwa kanga yake, na akajifanya hakusikia. Masikio yake yalikuwa yamepata moto hata katika baridi ile.

Munene alidhani kazi itakuwa nyepesi: mistari minne, kila nyasi na mstari wake, basi. Kyule alikataa. "Kule chini maji yanatuama, huku juu udongo ni mwepesi," alisema. "Tukipanda oti huku juu na tefi kule chini, tutakuwa tumepima mteremko wala si nyasi. Kila aina ipandwe mara tatu, sehemu tatu tofauti. Na mahali pake tusichague sisi, pachaguliwe kwa kura."

"Kura za nyasi!" Munene alishika kiuno. "Nani msimamizi?"

"Kofia yangu."

Walikata vipande kumi na viwili vya karatasi, wakaandika majina, wakavitia kofiani. Teresiah aliingiza mkono, akatoa, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Oti! Kitalu cha kwanza, oti!" Kila oti ilipotoka alipiga kigelegele. Hakujua kwa nini aliipenda oti hata kabla ya kuiona. Labda ni lile jina fupi. Walipima kila kitalu hatua tatu kwa nne, wakazungushia kamba, wakatia samadi ndoo kwa ndoo ili kisiwepo kilichopendelewa, na saa kumi jioni vitalu vyote kumi na viwili vilikuwa vimepandwa. Teresiah alisimama ukingoni, viganja vimejaa udongo, akahisi kichwa chepesi kama mtu aliyekunywa mvinyo wa kanisani kabla ya kifungua kinywa. Hakukuwa na kitu cha kuona pale ila udongo na kamba. Alitazama kwa nusu saa.

Tangu siku hiyo simu yake haikutulia. Munene, ambaye mwanzoni alicheka, ndiye aliyegeuka kuwa mtumwa wa vile vitalu. Alituma picha asubuhi, akatuma sauti mchana. "Dada, raigrasi imeota, ni kama nywele za mtoto mchanga!" "Dada, oti imenifika gotini!" "Dada, leo nimemfukuza kondoo wa jirani nusu kilomita!" Teresiah alizionyesha picha hizo kwa kila aliyepita kibandani. Muuza mahindi alizijua, kondakta wa stendi alizijua, na mhubiri wa mtaani alisimamisha mahubiri akaulizia hali ya tefi.

Hali ya tefi haikuwa nzuri. Iliota vizuri, kisha baridi ya Mei ikaipiga, ikageuka zambarau na kudumaa kama mtoto aliyenyimwa sweta. Mawele nayo yalikufa asubuhi moja tu, yote, vitalu vyote vitatu. Munene alituma sauti ya huzuni kana kwamba anatangaza msiba wa ukoo.

Ikabaki oti na raigrasi. Hapo ndipo Teresiah na Kyule walipoanza kugombana, na ugomvi wenyewe ulikuwa mtamu kuliko chai.

"Oti imenifika kifuani!" Teresiah alimwambia alipokuja kuchukua mzigo wake wa asubuhi.

"Kwa picha."

"Kwa picha, ndiyo. Raigrasi yako iko wapi? Imejikunyata chini kama kuku anayeatamia."

"Raigrasi haina haraka, Mama Jacky. Oti ni kama kijana aliyepata mshahara wa kwanza. Ngoja mwisho wa mwezi."

"Utangoja wewe!"

Yahye, aliyekuwa akifunga nyasi zake, aliwatazama huyu na yule. "Nyinyi watu," alisema polepole, "mnajua mnazungumza juu ya majani?"

Siku moja mwisho wa Mei, Munene alituma picha ambayo Teresiah hakuweza kuikalia: oti zilikuwa zimeanza kutoa mashuke, zimesimama ndefu za kijani cha buluu, Munene akiwa katikati, kinaonekana kichwa tu. Kyule alikuwa amekwisha kupita asubuhi. Teresiah hakungoja kesho. Alifunga kibanda, akapita nyuma ya soko, akaingia karakana ya Kyule bila kubisha.

Kyule hakuwepo. Alichokuta ni nyasi. Karakana ile ilikuwa imejaa nyasi kavu kutoka sakafuni hadi kwenye mabati. Kulikuwa na mizigo juu ya mizigo, imepangwa kwa unadhifu na kufungwa kwa kamba zake mwenyewe, zile kamba za bluu alizotumia kibandani. Katikati palikuwa na nafasi ndogo ya mtu kukaa na patasi yake, na juu ya rundo lililo karibu na dirisha wamelala sungura wawili wanene kupita kiasi, wamejinyoosha kama wenye nyumba.

Teresiah alisimama. Akahesabu mizigo hadi arobaini akaacha. Kisha kicheko kikaanzia tumboni, kikapanda, akacheka mpaka goti lake bovu likamwachia, akaketi chini juu ya nyasi zake mwenyewe. Ndivyo Kyule alivyomkuta aliporudi na kibuyu chake cha uji.

"Mama Jacky," alisema mlangoni, na uso wake ukabadilika rangi.

"Bwana Kyule. Sungura wawili."

"Wana hamu ya kula."

"Sungura wawili! Hapa kuna chakula cha ng'ombe mwezi mzima. Unanunua nyasi za nini?"

Aliweka kibuyu chini. Alivua kofia, akaigeuzageuza. "Nimeogopa swali hilo tangu mwaka juzi."

"Basi nimeshauliza."

"Si kwa sababu ya sungura," alisema Kyule.

Teresiah aliinuka. Akajipangusa, akasahau kumwonyesha ile picha ya oti, akatoka. Alitembea moja kwa moja, akapita kibanda chake, akapita kanisa, akapita kituo cha mafuta, akisalimia watu asiowajua, "Habari za leo! Habari yako!", hadi akajikuta amefika karibu na mto na hakuwa na shughuli yoyote huko. Akarudi akitabasamu kama mtu aliyeokota kitu na hataki kukitangaza.

Kesho yake Kyule alikuja, akanunua mzigo mmoja. Walisalimiana kwa heshima kubwa. Kisha wakagombana juu ya raigrasi kwa dakika arobaini.

Mwisho wa Juni nyasi zilikatwa. Munene alipiga simu huku akihema: kila kitalu cha oti kilikuwa kimetoa kilo thelathini na nane. Raigrasi, ishirini na nne. Tefi, tisa. Teresiah aliyasikia hayo akiwa kibandani, akatoka nje akacheza mbele ya watu, mikono juu, kanga ikipepea. Kyule alipofika alimpokea kwa wimbo alioutunga papo hapo, ambao maneno yake yote yalikuwa "thelathini na nane."

"Nimesikia," Kyule alisema. "Hongera. Lakini mzani hauna meno. Sasa tuwaulize wenye kula."

Jumamosi walikusanyika katika uwanja mdogo kati ya karakana. Munene alikuwa ameteremsha nyasi na lori, akaja nazo mwenyewe kwa kuwa hakutaka kuhadithiwa. Mizani waliiazima kwa Seth, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, mwanamume mnene aliyekuja naye kuiangalia.

"Madhe, hii mizani imepima injini ya lori," Seth alisema. "Leo inapima mboga? Sawa tu, wacha iende likizo."

Walipima mafungu manne ya kilo kumi kumi: oti, raigrasi, tefi, na nepia ya kawaida ili pawe na ya kulinganishia. Kyule alieleza masharti kwa sauti ya upole lakini thabiti. Wanyama wataingia kwa zamu, dakika ishirini, kisha kinachobaki kitapimwa. Hakuna kuwaita wanyama. Hakuna kuwasukuma. Hakuna kushangilia. Sharti hilo la mwisho alilisema akimtazama Teresiah.

Mbuzi wa Yahye waliingia kwanza. Mbuzi wa Kariobangi wanakula katoni, wanakula kamba, wanakula matangazo ya mikutano ya injili ukutani, kwa hiyo hakuna aliyetegemea wachague. Lakini jike mmoja mzee mwenye pembe moja alitangulia, akanusa oti, akanusa nepia, akanusa tefi, kama mama mwenye nyumba anayekagua vyumba. Akafika kwenye raigrasi. Akang'ata mara moja. Akasimama kidogo, sikio moja juu. Kisha akazamisha uso wote. Wale kumi wengine walimfuata kwa pamoja, wakapandana, wakasukumana, mmoja akatembea juu ya mgongo wa mwenzake, na kwa dakika chache raigrasi haikuonekana tena, palionekana mikia kumi na mmoja tu ikitikisika.

"Hapana!" Teresiah alipaza sauti. "Oti iko hapa! Nyinyi, oti hii hapa!"

"Hakuna kuwaita," Kyule alisema, lakini hakuweza kulimaliza neno, maana alikuwa akicheka.

Ng'ombe wa Kanyiva aliitwa Neema. Aliletwa kwa kamba, akapewa mafungu mapya. Aliila raigrasi yote, akalamba ardhi. Kisha akaendea oti, akavuta majani laini akayala, akaziacha fito zote zimelala.

"Msaliti!" Teresiah alimwambia.

"Usimtukane ng'ombe wangu," Kanyiva alisema. Ndilo neno lake la kwanza siku hiyo. Kisha, kwa mshangao wa kila mtu, tabasamu likamtoka pole pole. "Mimi nataka hii nyasi. Hii inayong'aa. Lini?"

Kabla hajajibiwa, punda wa muuza maji, aliyekuwa amefungwa nje na mkokoteni wake wa mitungi, alijinasua kambani, akaingia uwanjani bila haraka, akapita raigrasi iliyomwagwa upya, akapita oti, akaiendea tefi. Aliila yote. Aliinua kichwa akalia kwa furaha, sauti iliyosikika mpaka stendi, na mitungi ya maji ikamwagika ikafanya kijito. Umati uliokuwa umejaa kwenye kuta na juu ya mabati ulipiga makofi. Kyule alifungua daftari lake, akalamba kalamu, akaandika polepole huku Teresiah akichungulia begani mwake: *Punda, mmoja. Hakualikwa. Tefi, kilo kumi kamili.*

Hapo Teresiah aliweka paji la uso kwenye bega lile akacheka mpaka machozi. Hakuliondoa mara moja. Seth aliliona, Yahye aliliona, Munene aliliona. Hakuna aliyesema kitu, isipokuwa punda.

Oti ilikuwa bado na ule ushindi wake wa mizani, na Teresiah aliushikilia kwa wiki tano. Kisha Munene akapiga simu. Raigrasi ilikuwa imerudi. Ilikuwa imechipua kutoka mashina yale yale, nene na yenye kung'aa, katikati ya baridi ya Agosti ambayo ilimfanya Munene mwenyewe avae makoti mawili. Kilo ishirini na mbili kila kitalu. Oti iliyochipua tena ilikuwa kilo nane, na zenyewe dhaifu. Katikati ya Septemba raigrasi ilikatwa mara ya tatu, kilo kumi na tisa. Kyule alijumlisha mbele ya kibanda, kwa chaki, juu ya mlango wa bati: oti arobaini na sita, raigrasi sitini na tano.

Teresiah alitazama hesabu ile kwa muda. Alitaka kukasirika, akashindwa.

"Umeshinda," alisema.

"Hapana. Angalia hapa." Kyule aligonga ile thelathini na nane kwa chaki. "Ng'ombe hawezi kungoja mpaka Agosti. Oti inakuja mapema na kwa wingi, raigrasi inakuja baadaye na haikomi. Nimefikiri usiku kucha. Tuzipande pamoja, kitalu kimoja. Oti ikatwe kwanza, raigrasi iendelee chini yake. Hata wataalamu wangu walikuwa wakifanya hivyo mahali pengine, nimewaona."

"Umeyajua haya tangu lini?"

"Nilijua kwa kusikia. Nilitaka tujue kwa macho." Kisha akasema, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, "Nilitaka pia miezi yote hii, Teresiah."

Jina lake. Alikuwa amelisahau lilivyo likitoka kinywani mwa mwanamume. Alifungua mdomo ajibu, na hapo hapo mteja akaja akaulizia mizigo mitatu, na Kyule akainamisha kichwa, akaondoka.

Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Siku ya tatu Teresiah alikuwa amekwisha kuuza mzigo wa Kyule na kuununua tena kwa aliyeuuziwa.

"Mtu wako yuko wapi?" Yahye aliuliza.

"Mtu wangu gani?"

"Mama," Yahye alisema, "punda anajua."

Alikwenda karakana, akakuta kufuli. Kwenye dirisha, sungura walikuwa wamewekewa maji na nyasi za kutosha. Alirudi akiwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa na furaha ndani yake, akapanda juu ya lori lililokuwa limefika, akaanza kutupa mizigo chini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Ni kutoka huko juu alikowaona wakija. Kyule alikuwa amevaa koti la suti la rangi ya majivu. Kando yake alikuwa mzee mwingine mrefu kama yeye, mwenye fimbo na kofia ya sherehe. Alimtambua kwa pua, sawa na ya Kyule. Ni Kimanzi, kaka mkubwa wa Kyule, aliyeishi Mwala. Kyule alikuwa amemsimulia habari zake mara nyingi. Kwa hiyo siku hizo tatu alikuwa kwao.

Kimanzi alisimama chini ya lori, akavua kofia, akasafisha koo.

"Mama," alianza, "sisi ni wageni kutoka mbali, na mgeni hafungui kinywa kabla—"

"Ndiyo," Teresiah alisema.

Kimanzi aliangalia fimbo yake. "Mama, hata sijakusalimia."

"Nisalimie basi. Lakini jibu ni ndiyo."

"Nimejifunza hotuba," Kimanzi alisema kwa uchungu. "Ndani ya gari, kutoka Machakos mpaka hapa."

"Itoe yote, Mzee, nitaisikiliza yote. Nimeketi."

Naye akaketi kweli, juu ya nyasi, miguu ikining'inia ukingoni mwa lori. Kimanzi aliitoa hotuba mwanzo hadi mwisho, na methali zake, na salamu za ukoo, na sehemu ndefu kuhusu tabia njema ya Kyule akiwa mdogo. Wapita njia walisimama. Fundi wa mabati alivuka barabara. Kyule hakumsikia kaka yake hata neno moja, alikuwa akimtazama yule mwanamke juu ya nyasi, na kofia yake mkononi ilikuwa imekunjwa mpaka haikutambulika.

Oktoba, mvua fupi zikibisha hodi, Teresiah, Kyule na Kimanzi walipanda kwenda Njabini. Kimanzi alikuwa na mambo mazito ya mahari ya kuzungumza na Munene, wazee kwa wazee, na alikuja na orodha. Munene aliwaandalia viti uani na chai ya maziwa. Kimanzi aliketi, akafungua orodha. Munene hakuketi. Alikuwa akiangalia juu ya milima, ambako wingu zito la rangi ya wino lilikuwa likishuka.

"Mzee wangu," alisema, "habari za mbuzi tutazungumza, na tutazungumza vizuri. Lakini mbegu hizi zisipoingia ardhini kabla ya hiyo mvua, tutakuwa tumeozesha bure."

Hivyo Kimanzi aliweka orodha mfukoni, akakunja suruali. Nusu ekari ilikuwa imelimwa tayari. Munene alitangulia na oti, akizirusha kwa mkono mzima. Kyule alifuata na raigrasi, akizitawanya kwa vidole kama chumvi. Teresiah na Kimanzi walikuja nyuma na matawi, wakifunika kidogo tu, maana mbegu ya raigrasi ikizikwa sana haioti. Walikuwa wamefika robo tatu ya shamba matone ya kwanza yalipoanguka, makubwa, baridi kama sarafu.

"Mbio!" Munene alipiga kelele.

Wakakimbia, watu wanne ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa chini ya miaka hamsini, mvua ikiwapiga migongoni, Kimanzi akiimba kitu cha Kikamba ambacho hakuna aliyemwomba. Teresiah aliteleza, akakaa matopeni kwa kishindo. Kyule aligeuka, akaja mbio, akanyoosha mkono kumwinua, naye akateleza, akakaa kando yake. Walibaki hapo bega kwa bega, udongo mpaka masikioni, wakicheka bila sauti kwa kuwa pumzi ilikuwa imekwisha.

"Inuka," Teresiah alisema alipoweza. "Umeikalia oti."

"Nimekalia raigrasi."

"Oti!"

"Bado ile kona!" Munene aliita kutoka mbali ndani ya mvua. "Nyinyi wawili! Bado kona moja!"

Wakainuka, huyu akimvuta yule, wakaenda kuimaliza kona.